Makosa yanafichwa kwenye zahanati yetu. Nianzie wapi?

Kwako Mshauri,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni muuguzi, na hivi karibuni nimekabidhiwa usimamizi wa zahanati binafsi huku Pasua. Tuko tisa: matabibu wawili, wauguzi watatu pamoja nami, mteknolojia wa maabara, mtoa dawa, dada wa mapokezi na mhudumu wa usafi. Kwa siku tunaona wagonjwa 40 hadi 60. Daktari mwenye kituo ndiye mganga mfawidhi, ila asubuhi yuko hospitali nyingine na kwetu anafika saa kumi jioni.

Mama mmoja wa ukoo wa Massawe alipewa majibu ya sukari ya Massawe mwingine, akaanzishiwa metformini, dawa ya kisukari. Tuligundua aliporudi kulalamika tumbo. Kijana mwingine alichomwa sindano ya antibiotiki ya seftriaksoni, akavimba midomo na kubanwa pumzi, na adrenalini iliyokuwa kabatini ilikuwa imepitwa na muda. Alikimbizwa hospitali kwa bajaji na akapona, namshukuru Mungu. Halafu paketi za vifaa vya kushonea zinatoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, zikiwa na unyevu, na hakuna anayejua kama ni salama.

Kibaya zaidi, watu hawasemi. Daktari ameweka faini ya shilingi 20,000 kwa kila kosa, inakatwa kwenye mshahara. Sasa kila mtu anafunika la kwake.

Nimepewa shilingi milioni mbili na nusu niweke kituo sawa kabla ya ukaguzi. Daktari anataka vigae vipya mapokezi, kompyuta na bango la barabarani. Mimi naona hatari iko kwingine. Nianzie wapi? Na nitamwambiaje daktari, ambaye ni mtu mzima kwangu, bila kuonekana namfundisha kazi?

Nesi wa Pasua, Moshi


JIBU

Dada yangu,

Anza na faini. Umeitaja karibu na mwisho wa barua, lakini hayo mengine matatu hayatatengenezeka ikiwa bado ipo. Mtu anayejua kwamba kusema kutamgharimu elfu ishirini hatasema, na wewe utabaki kuyajua yale tu yaliyofikia hatua ya mgonjwa kuvimba midomo. Nyuma ya kosa moja linalomfikia mgonjwa yapo mengi yaliyokamatwa njiani: sirinji iliyovutwa dawa isiyo yenyewe ikamwagwa, faili la mtu mwingine lililorudishwa mapokezi, mtoto aliyekaribia kupewa dozi ya kaka yake. Hayo ndiyo yanayoonyesha tatizo liko wapi, nayo faini ndiyo inayoyazika.

Daktari ajue pia kwamba faini ya namna hiyo inamweka pabaya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Makato ya kufidia hasara yana masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, awe amepewa nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Elfu ishirini ya papo kwa papo haipiti hapo.

Badala yake fungueni daftari la nusura, yaani la makosa yaliyotokea au yaliyokaribia kutokea. Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha. Piga mistari ya safu tano: tarehe na saa, chumba, nini kilitokea au kilikaribia kutokea, kilizuiwaje, nini kibadilishwe. Jina la aliyekosea lisiandikwe. Likae chumba cha wauguzi, wala si ofisini kwa daktari. Kila Jumatatu kaeni dakika 20 kabla foleni haijaanza, mchague tukio moja tu na kuuliza kwa nini, kisha tena kwa nini, mpaka mfike kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa kwa mikono. Uamuzi uandikwe pamoja na jina la mtekelezaji na siku ya kumaliza. Jumatatu inayofuata anzeni kwa kusoma kilichotekelezwa. Daftari hizi hufa pale watu wanapoandika na hakuna kinachobadilika, na hilo halichukui muda mrefu.

Anayekuja kazini amelewa, anayeuza dawa za kituo mlangoni au kuandika majibu ya kipimo ambacho hakukifanya, huyo si wa daftari la nusura. Huyo ni wa utaratibu wa nidhamu wenye barua na kikao. Watenganishe hadharani ili kila mmoja ajue mpaka uko wapi.

Sasa mama Massawe. Kilimanjaro majina ya ukoo ni yale yale: Massawe, Mushi, Lyimo, Kimaro, Temu, Mrema. Kwenye foleni ya watu 50 kupata wawili wanaofanana jina la ukoo ni kawaida, na hata jina la ubatizo hufanana. Kwa hiyo jina pekee lisitumike popote kama utambulisho. Kila mgonjwa awe na vitambulisho viwili, majina yake matatu kamili na namba ya faili, na mwaka wa kuzaliwa uandikwe kwenye kila karatasi kama kinga ya tatu. Wakiwepo wenye majina yanayofanana siku hiyo, dada wa mapokezi abandike kipande cha karatasi nyekundu juu ya mafaili yote mawili.

Maabara kosa hutokea zaidi wakati wa kuandika kuliko wakati wa kupima. Damu inachukuliwa, kichupa kinawekwa mezani bila jina, kinafuata cha pili, kisha vinaandikwa kwa kukumbuka. Kichupa kiandikwe mbele ya mgonjwa, kabla hajainuka kitini, na maandishi yawe kwenye mwili wa kichupa, kwani mifuniko hubadilishana. Kaseti ya malaria nayo iandikwe namba ya faili na saa ya kuweka bafa. Mteknolojia akibanwa na foleni husoma mapema. Kaseti nyingi husomwa kati ya dakika 15 na 20, mstari hafifu unaweza kuchelewa kutokea, na ikiachwa hadi nusu saa inaweza kuonyesha mstari usio wa kweli. Fuateni muda ulioandikwa kwenye pakiti mliyo nayo, na wekeni saa ya dakika mezani.

Kichupa cha stripu za sukari kifungwe mara tu stripu inapotolewa, maana unyevu huziharibu bila kuonekana. Andika tarehe ya kufunguliwa. Muda wake baada ya hapo uko kwenye lebo. Kila asubuhi mashine ipimwe kwa maji yake ya uhakiki na namba iandikwe kwenye daftari.

Majibu yakishafika kwa tabibu, asiulize, "Wewe ndiye mama Massawe?" Mgonjwa aliyechoka huitikia tu. Aulize, "Niambie jina lako kamili na mwaka uliozaliwa," halafu alinganishe na karatasi. Ni sekunde kumi. Na hakuna anayeanzishiwa dawa za kisukari kwa kipimo kimoja cha kidole kama hana dalili; kipimo kirudiwe siku nyingine, akiwa hajala. Kanuni hiyo peke yake ingemwokoa mama yule hata karatasi zingebadilishana.

Kubalianeni na daktari orodha fupi ya majibu ya hatari, ile ambayo mteknolojia hasubiri faili lizunguke bali anainuka na kwenda kwa tabibu mwenyewe. Pendekezo langu: himoglobini chini ya gramu 5, sukari chini ya milimoli 3 au juu ya 20, na malaria kwa mtoto aliyelegea. Tabibu arudie kwa sauti alichosikia, na saa iandikwe. Picha za majibu kwenye kundi la WhatsApp la kituo zikome leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na simu ya mfanyakazi ikiibwa Mbuyuni sokoni, siri za wagonjwa zimekwenda nayo.

Chumba cha sindano ndicho kinachonitia hofu zaidi katika barua yako. Adrenalini iliyopitwa na muda ni dalili tu. Tatizo lenyewe ni kwamba hapakuwa na mtu mmoja mwenye kazi ya kuitazama.

Tengenezeni trei ya dharura, boksi la plastiki lenye mfuniko. Ndani yake: ampuli tano za adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, sirinji za mililita 1 na sindano zake, haidrokotisoni, dekstrozi, diazepamu, kanyula za namba 18 hadi 24, plasta na chupa mbili za maji chumvi pamoja na mipira yake. Pembeni yake ambubagi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) ya mtu mzima na ya mtoto, pamoja na oksijeni. Kama mnatumia mashine ya kuzalisha oksijeni, TANESCO wakikata umeme nayo inasimama, hivyo lazima uwepo mtungi. Fungeni boksi kwa utepe wa plastiki wa kukata, na juu ya mfuniko andikeni tarehe ya dawa itakayoisha muda mwanzo kuliko zote. Utepe ukiwa mzima, ukaguzi wa kila asubuhi ni kutazama tarehe moja tu na kusaini. Ukikatwa, yote yahesabiwe upya siku hiyo hiyo.

Bandikeni dozi ukutani kwa herufi kubwa. Mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12: mililita 0.5. Miaka 6 hadi 12: mililita 0.3. Chini ya miaka 6: mililita 0.15. Inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hali haijatengemaa. Mgonjwa alazwe miguu ikiinuliwa, asisimamishwe, isipokuwa anayebanwa pumzi ndiye atakaa. Wengi hupoteza dakika za thamani wakitafuta haidrokotisoni au promethazini kwanza. Hizo hazifungui koo lililovimba. Adrenalini ndiyo ya kwanza, mengine yafuate mgonjwa akiwa njiani kwenda Mawenzi au KCMC. Fanyeni zoezi mara moja kwa mwezi: mmoja analala kitandani, mwingine anashika saa, mtazame sirinji inakuwa mkononi baada ya sekunde ngapi.

Kabla ya sindano yoyote mgonjwa aulizwe mzio na jibu liandikwe juu ya faili kwa kalamu nyekundu, hata kama jibu ni hana. Baada ya sindano akae kwenye benchi linaloonekana na muuguzi kwa dakika 30. Na mwulize tabibu kama sindano ilihitajika kabisa. Seftriaksoni kwa mafua au homa isiyopimwa ni hatari isiyo na faida, na huo ndio mjadala mgumu kuliko wote kwa sababu sindano inaleta pesa. Uanzisheni hivyo hivyo.

Mengine ya chumba hicho utayatazama mwenyewe kesho asubuhi. Je, kuna chupa ya dripu iliyochomekwa sindano, inayotumika kuchanganyia dawa za wagonjwa kutwa nzima? Iondoe. Kila mgonjwa apate ampuli yake ya maji, kwa sababu vijidudu vikiingia saa mbili asubuhi, hadi saa nane mchana vimechomwa kwa watu ishirini. Je, pamba zimelowekwa kwenye kopo la spiriti? Hizo nazo huotesha vijidudu. Pamba iwe kavu na spiriti imiminwe wakati wa kutumia. Kichupa cha lignokeini (dawa ya ganzi) cha dozi nyingi kisiachwe na sindano kwenye mpira wake, kiandikwe tarehe ya kufunguliwa na kitupwe baada ya siku 28. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokeini ni ya msuli tu, isiingie kwenye mshipa kamwe, hivyo anayechanganya ndiye achome, hapo hapo. Ampuli zinazofanana zisikae droo moja. Weka lignokeini upande mmoja na maji ya sindano upande mwingine, hata kama orodha ya herufi inazitaka karibu.

Sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, iwe inafikika kwa mkono bila kupiga hatua, isiwe sakafuni, na ifungwe ikifika robo tatu. Sindano isirudishiwe kifuniko. Shimo la kuchomea taka nyuma ya jengo halimalizi sindano. Moto ule unaacha chuma kizima, na watoto wa jirani ndio wanaokiokota. Andikianeni mkataba na hospitali yenye tanuri la kuteketezea taka, mtunze stakabadhi ya kila boksi lililopelekwa. Mfanyakazi akijichoma aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, na aende siku hiyo hiyo kuanza dawa kinga za VVU. Saa za mwanzo ndizo bora, saa 72 ndio mwisho, na dawa zinamezwa siku 28. Wote tisa, pamoja na mhudumu wa usafi, wapate chanjo ya homa ya ini B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mhudumu wa usafi ndiye husahaulika mara nyingi, na ndiye anayebeba mifuko.

Kuhusu otoklevu, paketi yenye unyevu ihesabiwe kuwa chafu. Maji hupitisha vijidudu kutoka nje ya kitambaa hadi ndani, hata kama mashine ilifanya kazi yake. Sababu za kawaida ni paketi kubanana, maji kuzidi kiasi hadi kugusa trei ya chini, na kutoa vifaa mapema. Presha ikishuka hadi sifuri, fungua mfuniko kidogo tu na uache dakika 20 hadi 30 vikauke. Usiziweke juu ya meza ya baridi zikiwa za moto, kwa maana zitatoa jasho.

Halafu kuna jambo la Moshi lenyewe. Vitabu vinasema nyuzi 121 kwa presha ya paundi 15, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Moshi iko takribani mita 800 hadi 900 juu, hewa ni nyepesi, hivyo geji ikionyesha 15 joto la ndani bado halijafika 121. Ongeza nusu paundi kwa kila mita 300: kwenu geji isome kama 16.5, na kwa wenzenu wa Arusha mjini, walio karibu mita 1,400, iwe zaidi ya 17. Kama valvu ya otoklevu yenu inafunguka kabla ya kufika hapo, msiizuie hata kidogo. Badala yake ongezeni muda hadi dakika 40 kwa paketi zilizofungwa. Kosa kubwa kuliko hilo ni kufunga valvu ya hewa mapema. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 hadi 10 ndipo ufunge, la sivyo hewa iliyobaki ndani hupandisha geji bila kupandisha joto. Saa ianze kuhesabiwa presha ikishafika, wala si moto unapowashwa.

Utepe wa nje unaobadilika rangi unakuambia tu kwamba paketi imepita kwenye joto. Weka kiashiria cha ndani, kile kinachobadilika rangi mvuke ukifika, katikati ya paketi kubwa kuliko zote katika kila mzunguko, na ubandike vyote kwenye daftari la otoklevu pamoja na tarehe, muda, presha na sahihi. Kagua pia mpira wa mfuniko. Ukipasuka, mvuke unavuja pembeni na geji haitulii. Vifaa visilale kwenye klorini usiku kucha, vinaota kutu na kutu inaficha uchafu. Vioshwe kwa sabuni na brashi mapema, viungo vikiwa wazi, ndipo vifungwe. Kifaa chenye damu iliyoganda hakisafishiki na otoklevu yoyote.

Klorini ya asilimia 0.5 ibaki kwa damu iliyomwagika na nyuso. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo sita. Ikiwa ni unga wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita. Ichanganywe upya kila asubuhi. Funika damu kwa kitambaa, mimina, subiri dakika 10, futa.

Mikono: weka ndoo yenye koki na sabuni kila chumba kwa siku ambazo bomba halitoi, na kipukusi cha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kinaweza kutengenezwa na mfamasia: ethanoli ya asilimia 96 mililita 833, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 42, gliserini mililita 15, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifike lita moja, na isitumike kabla ya saa 72. Mbali na moto.

Friji isomwe mara mbili kwa siku pamoja na Jumapili, nyuzi 2 hadi 8, pasiwe na soda wala chakula ndani. Insulini isigusane na barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika hata kama inaonekana sawa. Stoo ya dawa isizidi nyuzi 30. Chini ya bati mwezi wa Februari inazidi, kwa hiyo soma kipimajoto saa nane mchana, wakati wa joto kali, na si asubuhi tu.

Nije kwa asubuhi zisizo na daktari. Karatasi inasema mganga mfawidhi ni yeye, lakini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni hakuna mwenye mamlaka ya mwisho, na hapo ndipo kila mtu anamsubiri mwenzake. Daktari aandike barua ya kumkaimisha tabibu mmoja kwa kila zamu, na jina lake liwe kwenye ratiba ukutani. Barua itaje mambo matatu: yapi tabibu anaamua mwenyewe, yapi anapiga simu kwanza, na yapi anatoa rufaa bila kumwuliza mtu. Kundi la mwisho liwe wazi: degedege, kupoteza fahamu, oksijeni chini ya asilimia 90, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90 kwa mtu mzima aliyelegea, mjamzito mwenye presha ya 160 kwa 110 au zaidi, mtoto asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu. Namba za simu za madereva wawili wa gari la wagonjwa ziwe kwenye ukuta huo huo. Dada wa mapokezi afundishwe hizo dalili pia, maana ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Vipimo vya awali vichukuliwe kabla ya kulipia, na kila mtoto apimwe uzito kwa kilo kila anapokuja. Dozi ya kukisia kwa umri hukosea.

Milioni mbili na nusu zigawanywe kwa mpangilio huu: trei ya dharura pamoja na kipima oksijeni cha kidole, mpira na geji ya otoklevu pamoja na viashiria, vipimajoto vya friji na stoo, chanjo za wafanyakazi, mwisho fomu na madaftari. Kuhusu vigae daktari yuko sahihi nusu. Sakafu na meza zinazooshika ni hitaji la kweli, ila ni la chumba cha sindano na maabara, wala si mapokezi. Kompyuta ingoje hadi mafaili ya karatasi yawe yanajazwa kikamilifu, kwa sababu utaratibu mbovu ukiingizwa kwenye kompyuta unabaki mbovu. Bango lingoje zaidi.

Leseni za kituo na za wafanyakazi, kila moja na tarehe yake ya kuisha, ziwe kwenye jalada moja. Kizimamoto kiwe na lebo ya ukaguzi wa mwaka huu. Mlango wa nyuma usizibwe na maboksi. Hayo ni ya asubuhi moja.

Sasa namna ya kumwambia. Usiende na malalamiko, nenda na mafaili. Chagua 20 ya mwezi uliopita bila kupendelea, kila la tano kwenye rafu. Kwa kila moja tia alama: uzito upo? Mzio umeandikwa? Utambuzi wa ugonjwa unaendana na dawa? Dozi na siku zimeandikwa? Sahihi ipo? Faili linalokosa hayo ndilo linalomweka mgonjwa hatarini, na pia ndilo ambalo madai yake Bima ya Afya huyakataa au kuyapunguza. Kwa hiyo usalama na mapato ya daktari viko kwenye karatasi moja, na namba zitazungumza bila wewe kupandisha sauti. Omba dakika 20 kabla hajaanza kuona wagonjwa, msalimie kama mzazi, umwambie: "Daktari, jina lililo mlangoni ni lako, nataka mkaguzi akija asikute jambo ambalo wewe hulijui. Naomba tusimamishe faini kwa miezi mitatu tu, nikuletee daftari kila mwezi uone." Kusimamisha kwa muda ni rahisi kukubalika kuliko kufuta.

Akikataa, hakuna anayeweza kukulazimisha kusaini kwamba vifaa ni safi wakati kiashiria hakikubadilika. Leseni yako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga ni yako mwenyewe, na sahihi hiyo itakufuata wewe. Timu ya Mganga Mkuu wa Manispaa hufanya usimamizi shirikishi hata kwa vituo binafsi. Waombeni waje kabla ya ukaguzi, mwombe pia nakala ya fomu ya tathmini ya nyota ya vituo vya afya, ile iliyoanza 2015, mjipime wenyewe kipengele kwa kipengele. Daktari ndiye atie sahihi ombi hilo; likitoka kwake halitamvunjia heshima.

Mkazo wote huu uwe umeshika kabla ya Desemba. Wenyeji wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingine, foleni yenu itajaa watu wasio na faili, wenye presha na kisukari, dawa zao zikiwa kwenye mfuko bila boksi. Wafungulieni faili jipya lenye mwaka wa kuzaliwa, na tabibu asirudie dawa asiyoiona jina. Mgonjwa apige simu alikotibiwa, au atumiwe picha ya kadi yake. Likizo za wauguzi wote watatu zisiangukie wiki moja.

Utuandikie tena daftari likishafikisha kurasa za wiki sita. Taja nusura za chumba cha sindano ni ngapi na zinatokea saa ngapi. Zikirundikana kati ya saa nne na saa saba mchana, tutakuwa tunazungumzia idadi ya wauguzi kwenye zamu hiyo, na hilo lina hesabu yake.

Mshauri